Trei ya Mayai ya Bwana Mita

Mume wangu ana kasoro zake, na mojawapo ni kwamba pikipiki huitengenezea sebuleni. Uwanja tunao. Ni mdogo, lakini upo. Yeye anasema uwanjani vumbi linaingia kwenye kabureta na kuku wa jirani wanameza nati. Basi miaka yote hiyo, pikipiki ikiumwa, viti vinasogezwa ukutani, mkeka wa zamani unatandikwa, na lile chuma linapandishwa kizingiti kwa ubao kama mgeni wa heshima. Nimepiga kelele mpaka nikachoka. Siku hizi viti nasogeza mwenyewe.

Mtaani wanamwita Bwana Mita. Kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na ameifanya miaka ishirini na tisa. Jina lake halisi nadhani tunalikumbuka mimi na ofisi yake tu. Anajua nani amehama, bomba la nani linavuja, mbwa yupi anabweka bure na yupi anang'ata kweli. Pikipiki aliipata ofisi ilipokuwa inaondoa za zamani, wakati binti yetu ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Binti sasa ana watoto wawili na anaishi mbali, lakini pikipiki tunayo bado. Tangi lake lilikuwa jekundu, sasa limebaki na rangi ya tofali.

Mimi niko hospitali kubwa, chumba cha kufulia. Kufua kwenyewe zinafua mashine. Sisi kazi yetu ni kupanga. Shuka na shuka, gauni na gauni, foronya na foronya, na vile vitambaa vidogo vya kijani vyenye tundu katikati, vya chumba cha macho, vinakaa peke yake. Saa nane nzima nimesimama, mikono inapanga na akili imelala. Nikirudi nyumbani miguu imevimba, lakini mikono haijui kwamba zamu imekwisha. Nimewahi kujikuta napanga viazi kwa ukubwa kabla ya kuvimenya.

Mwaka huu, tangu mvua zilipoanza, Bwana Mita aliingiwa na nidhamu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Huyu ni mtu aliyekuwa akivua shati na kulitupa popote litakapoangukia. Ghafla viatu vyake vikawa na mahali pake nyuma ya mlango, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, na ole wako uvisogeze. Kikombe chake kikawa na msumari wake. Nilipohamisha meza ndogo kidogo tu, ili nipate pa kunyooshea miguu, alinifokea kana kwamba nimeuza nyumba. Asubuhi akitoka, nilimsikia akinong'ona kutoka mlangoni mpaka getini, midomo ikienda polepole. Nilidhani anasali. Nikasema moyoni, sawa, uzee umemletea utaratibu na dini kwa pamoja, wacha nishukuru.

Na nati nazo zikapata makao. Zamani akifungua pikipiki alikuwa anazitupa zote kwenye kikombe cha bati, kisha anachokoa moja moja. Mwaka huu alichukua trei yangu ya mayai, ile ya karatasi ngumu yenye vitundu thelathini, akaifanya yake. Mayai yangu yakahamia kwenye sufuria. Nililalamika siku mbili, nikaacha.

Ijumaa ile nilirudi kazini saa tisa, nikamkuta ameshaingiza pikipiki ndani. Tangi lilikuwa linavuja chini, kwenye mshono, tundu dogo la kutu. Kwa wiki tatu alikuwa akiliziba kwa sabuni ya kipande. Anaisugua pale mpaka inashika, anapata siku mbili, inaachia tena. Sasa sabuni ilikuwa imekataa. Na Jumatatu kazi ilikuwa inamsubiri.

"Kuna barua pale juu ya redio," akaniambia kabla hata sijakaa. "Hebu nisomee, mimi mikono ina grisi."

Nikasoma. Kuanzia Jumatatu wasomaji wote wa mita wanabadilishana njia. Yeye anatolewa mitaa yetu ya huku, anapelekwa ng'ambo ya barabara kuu, mlimani, nyumba mia tatu na kitu.

"Mlimani," akasema. "Sijawahi kusoma mlimani."

"Utazoea. Si una pikipiki?"

Nikajaza beseni maji ya chumvi, nikatumbukiza miguu, nikakaa kumtazama. Jiko halikuwashwa, kwa sababu nyumba yetu ina sheria: siku ya tangi, moto hauwashwi. Tulikula mkate na chai ya kwenye chupa, huku harufu ya petroli ikitupanda kichwani.

Lazima niseme ukweli, kulitoa lile tangi anajua. Alianza na vifuniko vya pembeni, skrubu mbili kila upande. Halafu kiti, bolti mbili za nyuma, akakivuta na kukiweka chini. Akapapasa chini ya tangi, akafunga koki ya mafuta, akabana klipu kwa koleo na kuuchomoa mpira unaoshuka kwenye kabureta. Matone machache yakaingia kwenye kopo. Mwisho akaja kwenye bolti ya mkia wa tangi. Ni moja tu, na washa yake, kile kipete bapa, na mpira wake, lakini hiyo ndiyo inayolishikilia tangi zima. Akailegeza kwa spana namba kumi, akainyanyua sehemu ya nyuma, akalivuta tangi kuelekea kwake mpaka likateleza kutoka kwenye mipira ya mbele. Akalipakata mapajani kama mtoto anayesubiri kuogeshwa.

Muda wote huo hakutazama anachokifanya. Uso wake ulikuwa ukutani. Kila kitu alichofungua alikipeleka kwenye trei, kidole cha mkono wa kushoto kikitembea juu ya vitundu, kimoja, cha pili, cha tatu.

"Mafundi wengine hutazama kazi," nikamtania.

"Wanaotazama ni wanagenzi," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ni maringo. Najuta kicheko kile mpaka leo.

Jumamosi sikuwa na zamu. Alimwaga petroli yote kwenye dumu, akalisuuza tangi kwa maji ya sabuni mara tatu, akalianika, kisha akalibeba begani kwa fundi wa kuchomea. Fundi huyo ni mtu mwoga, na mimi nampenda kwa uoga wake. Tangi lenye harufu haligusi. Hulijaza maji kwanza, akalipindua ili penye tundu pabaki juu, kisha hunusa, huita na jirani anuse. Nikajua mzee hatarudi kabla ya mchana.

Nikafagia. Nikapiga deki kuizunguka ile mifupa ya pikipiki. Na pale kwenye mkeka nikaiona trei yangu, na vyuma vyake vimejaa grisi na mchanga, kila kimoja kwenye kitundu chake, vikubwa na vidogo vimechanganyika ovyo. Nikasema, mume wangu ana mashaka ya Jumatatu, tangu jana hajasema maneno kumi. Ngoja nimfanyie jambo. Nikavimimina vyote kwenye bakuli, nikavisugua kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikavisuuza na kuvikausha kwa kitambaa. Vikang'aa. Halafu mikono yangu ikafanya inachokijua. Skrubu ndogo na skrubu ndogo, bolti na bolti, washa na washa, mipira peke yake, klipu peke yake. Safu safi kabisa. Hata pale kazini msimamizi angenisifu. Nikakaa kitini nikisubiri na mimi nisifiwe.

Alirudi saa nane, jasho linamtiririka, tangi begani na kovu jipya jeusi chini yake.

"Fundi anakusalimu," akasema. "Anasema, mwambie shemeji tangi hili litatuzika sisi sote."

Akaketi mkekani. Akalipandisha tangi, akalisukuma mbele mpaka likakaa kwenye mipira, akalishusha nyuma. Akarudisha mpira wa mafuta kwa kupapasa. Kisha mkono wa kushoto ukaenda kwenye trei, kidole kikatembea juu ya vitundu hadi kile alichokitaka, akachukua. Alikuwa ameshika skrubu ya kifuniko cha pembeni, kitu kidogo kama punje ya mahindi. Nilimwona, bila hata kuipapasa, akiipeleka kwenye tundu la bolti ya tangi. Nikadhani anatania. Akaichomeka. Ikapenya, ikaanguka, ikagonga fremu, ikabiringika sakafuni mpaka karibu na mguu wangu, pale mwanga wa mlangoni unapopiga.

Akageuka kuitafuta. Aliangalia sakafu. Aliangalia pale pale ilipo, uso wake umeielekea kabisa, skrubu imesuguliwa inameremeta. Kisha akaanza kupapasa kwa viganja, mbali nayo, upande wa kabati.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Bolti."

"Si hiyo hapo mbele yako."

"Wapi?"

Mkono wake ukarudi kwenye trei, ukagusa kitundu kimoja kimoja, mara ya kwanza polepole, mara ya pili haraka.

"Nani amegusa humu?" akafoka.

"Mimi. Nimekusafishia. Nimekupangia."

"Nani alikuambia upange? Nani? Kila kitu kilikuwa mahali pake! Siwezi kuwa na kitu kimoja ndani ya nyumba hii kisichopangwa?"

"Usinifokee, Bwana Mita! Nimesugua uchafu wako siku yangu ya kupumzika! Vyuma ni kumi na kidogo, angalia kwa macho, chukua unachotaka!"

Akaweka mikono yote miwili juu ya tangi.

"Sioni," akasema.

Nilisikia, lakini nikauliza tena kama mjinga. "Huoni nini?"

"Sioni, mama. Naona mwanga wa mlango. Wewe nakuona kama nguo iliyoanikwa. Vitu vidogo viliondoka tangu mwaka jana. Vikubwa vinaondoka sasa."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata, kwa sababu mambo yote yalinijia kwa mkupuo: viatu nyuma ya mlango, kikombe kwenye msumari, meza ndogo, barua na grisi. Mimi niliyelala kando yake kila siku nilikuwa nikishukuru kwa utaratibu wake.

"Na mita? Mita unazisomaje?"

"Wananisomea. Nafika, nasalimia, namwambia mwenye nyumba, hebu nitazamie, vumbi limeniingia machoni. Au namwambia miwani imevunjika. Wananijua, hawakatai. Yule mama wa geti la bati siku hizi hata hanisubiri niombe, namkuta ameshaandika kwenye karatasi." Akatabasamu kidogo, nikaona aibu juu ya tabasamu lile. "Njia ile naijua yote. Mashimo nayajua. Naendesha polepole, nikisikia honi nasimama."

"Unaendesha kwa kumbukumbu."

"Ndiyo."

"Wiki tatu zilizopita ulinibeba nyuma, na kapu langu mapajani. Tulipita pale shuleni, watoto wanavuka."

"Niliwasikia."

Nikakaa chini mkekani, miguu imenyooka kama ya maiti, tukatazamana. Yaani mimi nikamtazama. Ni mtu mwembamba, ana mvi kifuani, na grisi kwenye paji la uso ambayo hajui kama ipo.

Akasogeza ile trei kwangu.

"Nipangie kama zilivyokuwa," akasema. "Nitakuambia moja moja. Kitundu cha kwanza skrubu ya kifuniko cha kushoto, ya mbele. Tukimaliza leo, kesho nitapanda mlimani na wewe, kwa miguu, unionyeshe mageti. Nitayahesabu. Miezi kumi na minne tu imebaki, nistaafu kama watu. Huko mlimani nako wako akina mama, watanizoea."

"Na Jumatatu unavuka barabara kuu?"

"Nitafuata malori. Lori nalisikia."

Nikaichukua trei. Kwa macho yangu kazi ile ilikuwa ya dakika tano; hata mwenyewe ningeweza kulifunga tangi lile, nimemtazama mara ngapi. Bolti ya mkia niliijua mara moja. Ni fupi kuliko zile za kiti, na kichwa chake kimechubuka upande mmoja. Nikaishika. Alikuwa amenyoosha kiganja, anasubiri, kama miaka yote nilivyompa spana akiwa amelala chini ya pikipiki.

Nilikuwa nimechoka. Nasema wazi, sehemu yangu moja ilitaka kumpa tu, nioge, nilale, Jumatatu ijitegemee. Miezi kumi na minne. Mtu ameishi maisha yake yote kwa jina la kazi, ukimnyang'anya kazi utamwitaje?

"Bwana Mita," nikasema, "kwa miezi kumi na minne utapishana na watoto wangapi barabarani?"

Kiganja kikabaki hewani. Halafu vidole vikajikunja kidogo kidogo, akakirudisha mapajani.

Kuku wa jirani akaingia, akatembea mpaka kwenye mkeka, akadonoa, akaondoka, wala hakuna aliyemfukuza. Mwanga wa mlangoni ulishahama kutoka sakafuni ukapanda kwenye gurudumu la mbele.

"Daftari langu liko mfuko wa koti," akasema mwishoni. "Na kalamu."

Nikamletea. Akalifungua wazi kabisa juu ya tangi, akapapasa ukurasa kwa kidole gumba mpaka ukingo wake.

"Hebu nisomee saa ya pikipiki. Kile kidirisha cha kilomita."

"Ya nini?"

"Nisomee, mama. Mita ikifungwa lazima isomwe mara ya mwisho. Ndiyo sheria."

Nikainama juu ya usukani. Kioo kilikuwa na vumbi, nikakipangusa kwa pindo la gauni.

"Nne," nikasema. "Sifuri. Saba. Moja. Sita."

"Imeshazunguka mara tatu ikarudi mwanzo," akasema. "Hizo hazionekani, lakini zipo."

Akaandika. Tarakimu zilikuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na ile ya mwisho ikapanda juu ya ile iliyoitangulia. Akanigeuzia daftari, akaniuliza kama inasomeka. Nikamwambia inasomeka vizuri. Wakati huo ndipo nilipolia, kimya kimya, kwa kuwa sasa nilijua hawezi kuniona nikilia. Akanyoosha mkono akanishika usoni, akapata maji.

"Mimi nilidhani nakuficha vizuri," akasema.

Jumapili tangi lilishinda pale pale, limekaa juu ya fremu bila kufungwa. Bolti yake nilimpa. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Sikuuliza.

Jumatatu mimi mwenyewe nilipiga simu ofisini kwake, kabla hawajafungua vizuri, nikawaambia mlimani haendi, na kwa nini haendi. Kisha nikamtolea shati safi la kwendea hospitali kwetu. Muuguzi wa chumba cha macho ananijua kwa sura. Miaka yote nimempelekea vitambaa vyake vya kijani mlangoni, sijawahi kuingia. Nilimwambia Bwana Mita hivyo wakati anavaa viatu, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia.

"Watasema nini?" akauliza.

"Sijui. Labda kuna cha kufanya, labda hakuna."

"Sawa."

Tulitoka. Kutoka mlangoni mpaka getini ni hatua thelathini na moja. Aliniambia mwenyewe Jumamosi ile, nilipomuuliza ni sala gani anayosali asubuhi. Alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia, na tukaanza kwenda. Nilikuwa namtazama midomo. Tulipita ngazi, tukapita bomba, tukapita kuku. Mpaka tunafika getini ilikuwa imetulia, hakuhesabu hata moja.